Mizani, Mkazo na Vina: Utenzi katika Sauti za Kwaya

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, una beti za vipande vinne, na kila kipande kina mizani 8. Kwa kuwa mkazo wa neno la Kiswahili kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, mkazo wa mwisho wa kipande huwa kwenye mizani ya 7. Hapo ndipo mtunzi wa muziki wa kwaya anapopaswa kuweka pigo zito. Mkazo ukihamishwa, maana hupotoka: *barabára* ni njia, ilhali *barábara* ni sawasawa. Aidha, *m* ya *mtu* ni mizani kamili, nayo hudai noti yake.

Suala la pili ni vina. Vipande vitatu vya mwanzo hushirikiana kina. Cha nne hubeba kina cha bahari kinachounganisha beti zote. Sauti nne zikitamka maneno tofauti kwa wakati mmoja, vina hivyo humezwa. Inafaa, basi, sauti zipokezane katika vipande vitatu, kisha zikutane katika cha nne. Wosia wa mama kwa binti yake sharti ufahamike kwa msikilizaji asiye na kitabu mkononi. La sivyo, kinachobaki ni muziki bila utenzi.