Maji Kupwa na Maji Kujaa

Sisi wa huku Voi tukisikia neno 'pwani' tunafikiria minazi na madafu tu. Mimi pia nilikuwa hivyo, hadi Jumamosi moja ya likizo ya Agosti iliponifunza, na nusura ada yake iwe ghali mno.

Mama yangu huuza nguo za mitumba siku sita kwa juma. Sijui lini nilimwona ameketi bila kitu mkononi. Basi nilipomsihi twende Mombasa tukapumzike siku mbili kwa shangazi, alikataa, akakataa tena, halafu akakubali.

Tulifika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Bamburi, mwendo wa saa nne asubuhi. Kumbe maji yalikuwa yamekwenda mbali! "Mama, bahari imekauka," nikasema. Hilo ni kosa la kwanza, na mwalimu wetu angelipigia mstari mwekundu. Bahari haikauki. Maji hupwa, kisha hujaa. Na kutokana na kitenzi hicho 'kupwa' ndipo tukapata 'pwani', yaani mahali maji yanapopwa.

Tukavua viatu, tukafuata mchanga mpaka kwenye fungu moja lililo mbali. Vidimbwini tuliona kaa, tukaona na kiti cha pweza, yule mnyama mwenye mikono mitano kama nyota. (Jina tamu hilo! Pweza akichoka huketi wapi?) Mama alicheka kama msichana. Kwa vile alikuwa na furaha, sikuangalia saa.

Ilipofika saa saba nikageuka. Lo! Kati yetu na ufuo palikuwa na maji. Hapa ndipo wageni wengi hunaswa: sehemu ya chini iliyo nyuma yako hujaa kwanza, nawe uko juu ya fungu pakavu, hujui lolote. Mama hajui kuogelea. Tuliingia tumeshikana mikono, maji yakafika magotini, kiunoni, kisha kifuani pa mama. Hakusema neno ila alinibana vidole mpaka vikaniuma. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa kwenye ngalawa alituona, akapiga kasia mbio akatupakia.

Tulipofika nchi kavu nilimwamkia shikamoo huku meno yakigongana. "Marahaba. Jana usiku mwezi hamkuuona?" akauliza. Ulikuwa mpevu.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwezi huvuta maji ya bahari, na jua pia huvuta ingawa kwa nguvu ndogo zaidi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, viwili hivi huvuta kwa mstari mmoja. Hapo maji hujaa sana na kupwa sana, nayo huitwa bamvua. Mombasa tofauti yake hupita mita 3, yaani zaidi ya kimo cha mlango wa darasa letu. Mwezi ukiwa nusu, mvuto hupingana na tofauti huwa ndogo. Hayo ni maji mafu.

Toka kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika chache. Lakini maji hayapandi sawasawa. Saa ya kwanza hupanda kidogo tu, eti unadhani yamelala, halafu saa ya tatu na ya nne hupanda mbio. Sisi tulikuwa tunacheza ile saa ya kwanza na ya pili! Tena kila siku majira hayo huchelewa karibu dakika 50 kwa wastani.

Usiku huo nilipiga hesabu: kama leo yamepwa saa nne na robo, kesho ni karibu saa tano. Jumapili tulirudi pale pale. Shangazi alituona wendawazimu. Mama alitandika leso chini ya mvinje akalala fofofo, mara ya kwanza mchana tangu nimjue. Mimi nilichomeka kijiti mchangani, nikakaa kukitazama. Kila mara alifumbua jicho moja.

"Maji yako wapi?"

"Bado yanapwa, mama. Lala."