Mkeka wa Mechi na Mfuko wa Nyumba



Kuna swali ambalo wake wengi huliuliza kwa sauti ya chini: "Mume wangu hanywi pombe wala havuti sigara. Yeye huweka mia moja tu kwa mechi, kwa simu. Je, kuna ubaya?" Kabla ya kujibu, tujifunze mchezo wenyewe, kwa maana huwezi kushauri juu ya jambo usilolijua.

MKEKA NI NINI?

Mtu akibashiri mechi moja, kampuni humpa odi, yaani namba ambayo pesa yake itazidishwa nayo akishinda. Odi ikiwa 1.90, shilingi 100 hurudi 190. Mkeka, au multibeti, ni mechi kadhaa zilizofungwa katika tiketi moja. Odi zake huzidishwa zote pamoja, ndiyo sababu mia moja huonekana kama itazaa maelfu. Lakini ni lazima mechi zote zitokee alivyosema. Ikikosa moja, mkeka umechanika na pesa zote zimekwenda.

TUPIGE HESABU

Chukueni kalamu. Tuseme kila mechi ni kama kurusha sarafu: mara nusu unapata, mara nusu unakosa. Mchezo ungekuwa wa haki kamili, odi ingekuwa 2.00. Kampuni hutoa chini kidogo, tuseme 1.90, na hapo ndipo inapopata riziki yake.

1. Mechi moja. Watu 2 wanaweka mia mia, kila mtu upande wake. Zinakusanywa 200, mshindi analipwa 190. Kampuni inabaki na 5 katika kila 100.

2. Mechi tano. Kuna njia 32 za kuzipanga. Watu 32, kila mtu na njia yake, wanaleta 3,200. Mmoja anashinda na kulipwa 2,476. Kampuni inabaki na karibu 23 katika kila 100.

3. Mechi kumi. Njia ni 1,024. Zinakusanywa 102,400. Mmoja anapata kama 61,310. Watu 1,023 wanakwenda mikono mitupu, na kampuni inabaki na karibu 40 katika kila 100.

Mmeona? Kadiri mkeka unavyorefuka ndivyo zawadi inavyong'aa, na ndivyo sehemu ya kampuni inavyonenepa. Na kodi bado hatujaihesabu.

"MECHI MOJA TU IMENIANGUSHA!"

Mwingine atasema, "Mimi huchagua timu kubwa tu." Haya, tuseme kila timu yake ina nafasi 8 katika 10. Akiunganisha timu kumi za namna hiyo, tiketi kama 11 tu katika 100 zitashinda. Tiketi kama 27 zitakosa kwa mechi moja peke yake. Yaani kuangushwa na mechi moja hutokea zaidi ya mara mbili kuliko kushinda! Kwa hiyo, ndugu, ukikosa kwa moja, usidhani umekaribia. Ndivyo mchezo ulivyo, na wiki ijayo utaanza tena mwanzo.

NDOA INAUMIA WAPI?

Zamani mcheza kamari alilazimika kutoka nyumbani, na watu walimwona. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, pesa huweza kutoka mfukoni bila kelele, na leo mtu anacheza akiwa kitandani, mwenzake amelala kando. Mia moja kila siku ni 36,500 kwa mwaka. Hiyo ni karo, ni mabati, ni dawa. Kisha huja mkopo wa simu wa kurudisha kilichopotea, na uongo wa kuuficha mkopo. Mara nyingi uongo huumiza kuliko hasara.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2413, hufundisha kwamba michezo ya bahati yenyewe si kinyume cha haki, ila haikubaliki inapomnyima mtu mahitaji yake au ya wale wanaomtegemea. Tena huonya kwamba uraibu wake waweza kuwa utumwa.

MFANYE NINI?

Mama, usianze maneno jioni ile mkeka umechanika. Ngoja siku ya utulivu. Baba, usisubiri kugunduliwa; sema mwenyewe. Kaeni na daftari, someni pamoja ujumbe wa pesa wa miezi mitatu, jumlisheni kilichotoka na kilichorudi. Andikeni madeni yote, wala msikope tena ili kuyalipa. Akaunti ya mchezo ifungwe. Aliyejaribu kuacha akashindwa asitukanwe. Apelekwe kwa padre au mshauri, kwa maana huo ni ugonjwa unaohitaji msaada. Na ikiwa ni mama anayecheza, shauri ni lile lile.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Yesu mwenyewe alitoa mfano wa mtu anayekaa kwanza kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara (Lk 14:28). Nyumba yenu ni mnara huo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA WAWILI

1. Je, kuna pesa inayotoka kwetu ambayo mmoja hajui?
2. Tukipata shida ya pesa, huwa tunamkimbilia nani kwanza?
3. Watoto wetu wanajifunza nini kuhusu jasho na bahati wanapotutazama?

Mungu azibariki nyumba zenu.