Kamera Yaonekana Ghalani, Mjini Haionekani

Tuchukue mfano. Msimamizi wa ghala la kahawa Ijumbi, wilayani Muleba, ana kamera za ulinzi na seva ndogo ya kuhifadhi picha. Akiwa ghalani huona kila kitu kwenye simu yake. Akifika Bukoba mjini haoni chochote. Fundi amekwisha kufungua mlango wa mawasiliano kwenye ruta, na amelipwa. Kosa liko wapi?

Chanzo cha tatizo

Anwani za intaneti za toleo la nne (IPv4) ni takriban bilioni 4.3 tu duniani. Kwa sababu hiyo, ruta hutumia anwani moja ya nje kwa niaba ya vifaa vyote vya ndani. Data inayoanzia nje haifiki kwenye seva mpaka ruta iagizwe: anayebisha mlango huu apelekwe kwenye kifaa hiki.

Kagua kwa mpangilio huu

1. Ukiwa ghalani, fungua seva kwa anwani yake ya ndani, mfano 192.168.1.50. Isipofunguka, anza na seva yenyewe.

2. Hakikisha anwani hiyo haibadiliki. Umeme ukikatika na kurudi, ruta yaweza kuipa seva anwani nyingine, na agizo la awali likakosa mlengwa.

3. Hakiki namba ya mlango na aina ya itifaki, TCP au UDP.

4. Zima Wi-Fi, kisha jaribu kwa data ya simu. Baadhi ya ruta hazimrudishi ndani aliyebisha kwa anwani ya nje akiwa ndani. Jaribio hilo hupotosha.

5. Soma anwani ya nje iliyoandikwa kwenye ruta. Ikianza na 10, 192.168, 172.16 hadi 172.31, au 100.64 hadi 100.127, si anwani ya umma. Kama huna ruta nyingine mbele yake, basi mtoa huduma ndiye anayewaunganisha wateja wengi kwa anwani moja. Hapo hakuna marekebisho ya ruta yako yatakayosaidia. Usimlipe fundi mara ya pili. Mwulize mtoa huduma kama anatoa anwani ya umma na kwa gharama gani, au tumia VPN ambayo seva yenyewe ndiyo huanzisha muunganisho kwenda nje.

Tahadhari

Mlango uliofunguliwa hubishwa na kila mtu. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kutumia nywila za kiwandani. Badilisha nywila kabla ya kufungua mlango, na ufunge usiouhitaji.

Haki yako

Ukiwa na lalamiko kuhusu huduma, liwasilishe kwanza kwa mtoa huduma na utunze kumbukumbu zake. Usiporidhika na majibu, lifikishe TCRA.