Sampo ya giaboksi isivuje: maswali kwa fundi wa Bunia

Magari mengi ya gia otomatiki hapa Bunia yalitumika kwanza Japani, yakashushwa Mombasa, yakavuka Uganda na kuingia kupitia mpaka wa Mahagi. Mwenye gari hajui oili ya giaboksi ilibadilishwa lini, kwa hiyo anafanya vizuri kuibadilisha pamoja na filta. Tatizo huanza sampo, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi, inaporudishwa.

Fundi, tumebadilisha oili na filta juzi, leo kuna matone mekundu chini ya gari. Tuongeze silikoni?

Hapana, ndugu yangu. Sampo ya gasketi hufungwa kavu. Silikoni inaitelezesha gasketi. Ukikaza bolti, inasukumwa nje na kupasuka, hasa ile ya koki. Silikoni inayobanwa kwenda ndani ni mbaya zaidi: vipande vinakatika, vinaziba filta, na giaboksi inakosa presha ya oili. Nimeona giaboksi nzima zikifunguliwa kwa sababu ya silikoni ambayo haikuhitajika.

Shusha sampo uitazame. Mara nyingi kosa liko kwenye ukingo wake: bolti zilikazwa kupita kiasi zamani, chuma kikabonyea kuzunguka matundu. Lalisha ukingo juu ya ubao mgumu, ugonge taratibu kwa nyundo ndogo, kisha upime kwa rula ya chuma. Mwanga ukipita chini ya rula, endelea kugonga. Mabaki ya gasketi ya zamani yakwangue kwa plastiki au mti. Upande wa giaboksi ni aluminiamu, na bisibisi huichora mifereji ambayo oili itaifuata.

Kwa hiyo silikoni haina kazi kabisa?

Inayo, pale kiwanda kilipoitaka. Toyota nyingi zenye giaboksi ya A340 hazina gasketi ya sampo; zinafungwa kwa silikoni inayostahimili oili. Paka uzi mwembamba usiokatika, upite upande wa ndani wa kila tundu la bolti. Funga kabla haijakauka, na usimimine oili mpaka muda ulioandikwa kwenye tyubu uishe. Mteja akikuharakisha, mwambie arudi kesho.

Bolti zikazwe kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyodhani. Kwa Toyota nyingi ni Nm 7 hadi 8 tu. Zianzishe zote kwa vidole, kisha ukaze kwa kupishanisha pande, kutoka katikati kwenda kwenye pembe, kwa awamu mbili au tatu. Huna spana ya toki? Shika racheti karibu na kichwa chake, si mwisho wa mpini. Nguvu ya bega inakata nyuzi za aluminiamu, na hapo gharama inakuwa nyingine.

Vumbi letu linadhuru kazi hii?

Sana. Osha sehemu ya chini ya gari kabla ya kufungua chochote, uliache likauke, uliweke juu ya stendi imara na si jeki peke yake. Futa sumaku za sampo: tope laini la kijivu ni la kawaida, vipande vya chuma ni dalili ya uharibifu. Ukitoa filta, angalia kama mpira wake wa duara haukubaki juu. Ukibaki, mpya hautakaa sawasawa.

Oili gani, na lita ngapi?

Soma kijiti au kitabu cha gari: oili za Toyota za aina ya T-IV na WS hazichanganywi ovyo. Pima iliyotoka, rudisha kiasi hicho, kisha upime tena oili ikiwa moto, injini ikinguruma, baada ya kupitisha gia zote. Ukizidisha, inatoa povu na kutokea kwenye tundu la hewa, nawe utailaumu gasketi bure.

Nitajuaje kwamba sampo haivuji tena?

Pangusa sampo, ipake poda ya mtoto, uendeshe mpaka giaboksi ipate moto. Mlima wa kutoka Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, kupanda Bunia unatosha kabisa. Kisha tazama poda ilipoanza kulowa. Ikiwa ni juu ya sampo, kagua mabomba ya kupozea oili, mpira wa bomba la kijiti na sili za ekseli. Sampo usiifungue tena.