Tiketi ya Michezo ya Chuo Kikuu: Unalipia Nini?

Familia nyingi nchini Marekani hununua tiketi za msimu za michezo ya vyuo vikuu, kisha hushangazwa na jumla ya malipo. Katika somo hili tunaeleza fedha hizo hutumikaje, na namna ya kujua gharama kamili kabla ya kulipa.

Fedha huenda wapi?

Chuo kikuu chenye timu kubwa huwa na idara ya michezo yenye bajeti yake. Mapato yake hutokana na viingilio, haki za matangazo ya televisheni na michango ya wafadhili. Katika vyuo vingi huongezwa ruzuku ya chuo na ada ya michezo inayotozwa wanafunzi. Kwa kawaida, futiboli ya Kimarekani na mpira wa kikapu wa wanaume ndiyo michezo inayojaza viwanja. Mapato yake husaidia kugharimia michezo yenye watazamaji wachache, kama vile kuogelea, mieleka na riadha: mishahara ya makocha, safari, na ufadhili wa masomo wa wanamichezo.

Gharama hizo zimeongezeka. Mwezi Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Chuo Kikuu cha Tennessee kilikuwa kimekwisha kutangaza, mwaka 2024, nyongeza ya asilimia 10 kwenye tiketi za msimu wa futiboli wa 2025 kwa ajili ya malipo hayo.

Sehemu tatu za bei

Gharama ya kiti kizuri huweza kuwa na sehemu tatu: bei ya tiketi yenyewe, mchango wa lazima unaompa mnunuzi haki ya kununua kiti hicho, na ada za ziada.

Tuchukue mfano tuliotunga. Tiketi ya msimu ni dola 400, mchango ni dola 500 kwa kila kiti, na nyongeza ni asilimia 10 ya bei ya tiketi. Wanandoa wanaonunua viti viwili hudhani watalipa dola 800. Kumbe watalipa dola 1,880. Ikiwa michezo ya nyumbani ni saba, kila kiti kinagharimu takriban dola 134 kwa mchezo, wala si dola 57 kama tangazo lilivyoonyesha.

Mchango huu si sadaka mbele ya kodi

Hadi mwaka 2017, mlipakodi aliweza kupunguza asilimia 80 ya mchango wa aina hii katika hesabu ya kodi ya mapato ya shirikisho. Sheria iliyopitishwa mwaka huo iliondoa nafuu hiyo kuanzia mwaka wa kodi wa 2018. Usiingie katika deni kwa kutegemea kwamba sehemu ya fedha itarudi.

Kabla ya kulipa, uliza:

1. Jumla ni kiasi gani, pamoja na mchango na ada zote? Tangu tarehe 12 Mei 2025, kanuni ya shirikisho inawataka wauzaji wa tiketi za maonyesho na michezo kutaja bei yenye ada zote za lazima tangu mwanzo. Kanuni hiyo haiweki kikomo cha bei.
2. Je, mchango hulipwa mara moja, au kila mwaka? Nikiacha kuulipa, nitapoteza kiti?
3. Nisipoweza kuhudhuria, naruhusiwa kuuza tiketi au kurudishiwa fedha?
4. Je, mwanangu anayesoma hapo tayari analipa ada ya michezo? Huenda ana haki ya tiketi ya bure au yenye punguzo.

Omba majibu kwa maandishi, na utunze risiti. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.