SOMO LETU: Je, Shahada ya Saikolojia Italipa?



Matokeo ya KCSE yakishatoka na barua za kuitwa chuoni zikianza kufika vijijini, kadi za mchango nazo huanza kutembea. Safari hii tunataka tuongee juu ya kozi moja ambayo vijana wengi wanaitiwa siku hizi, yaani saikolojia. Kikundi kimoja cha akina mama kilituuliza hivi: mtoto wa mwenzetu amepata B-, ameitwa kusoma saikolojia miaka minne. Tukivunja akiba ya tangi la maji tumsaidie, hiyo pesa itarudi kweli?

Hilo ni swali zuri na halina ubaya wowote. Kuna wazee wanaosema elimu haihesabiwi kama mahindi. Sisi tunasema ihesabiwe, maana ng'ombe atakayeuzwa anahesabika, na deni atakalobeba yule mtoto linahesabika pia.

Kwanza tuelewane saikolojia ni nini. Si kusoma mawazo ya watu, wala si uganga. Ni elimu ya akili na tabia ya binadamu: jinsi mtoto anavyokua, jinsi mtu anavyoingiwa na huzuni isiyoisha, jinsi ulevi unavyomshika mtu na jinsi anavyoweza kutoka. Kazi hiyo inahitajika sana hapa kwetu. Lakini kuhitajika ni jambo moja, na kuwepo mtu wa kulipa mshahara ni jambo lingine. Hapo ndipo familia nyingi huteleza.

Sasa tuchukue kalamu. Tangu mwaka 2023 serikali huangalia uwezo wa familia, halafu karo inagawanywa sehemu tatu: msaada wa serikali usiorudishwa, mkopo wa HELB, na sehemu ya mzazi. Mfumo huo ulipelekwa kortini, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema unakwenda kinyume na katiba, kisha mambo yakaenda kwenye rufaa. Kwa hivyo kabla hamjachanga, ulizeni unavyotumika mwaka huo. Na mjue tofauti hii: anayekwenda chuo kikuu cha binafsi anaweza kuomba mkopo, lakini ule msaada wa serikali haupati.

Tuseme, kwa mfano tu, karo ni shilingi 180,000 kwa mwaka, na serikali inalipa nusu (90,000), mkopo 54,000, mzazi 36,000. Kwa miaka minne mzazi atatoa 144,000 na deni litakuwa 216,000. Hiyo ni karo peke yake. Mtoto atalala wapi? Atakula nini? Kodi ya chumba, chakula na nauli, tuweke 8,000 kwa mwezi kwa miezi tisa, yaani 72,000 kwa mwaka, au 288,000 kwa miaka yote minne. Kama HELB inampa 40,000 za matumizi kila mwaka, deni linaongezeka kwa 160,000, na mzazi anabaki na 128,000. Ongezeni 40,000 za kompyuta na nauli ya kwenda mafunzo ya kazini. Mzazi sasa amefika 312,000. Deni la mtoto ni 376,000.

Kuna gharama nyingine ambayo haimo kwenye barua ya chuo. Kama mtoto huyo angebaki nyumbani akauza duka na kupata 8,000 kwa mwezi, miaka minne angepata 384,000. Nusu angekula mwenyewe, basi tuandike nusu iliyobaki, 192,000. Pesa hiyo haitoki mfukoni mwa mtu, lakini imepotea vile vile.

Jumla ni 312,000 na 376,000 na 192,000, yaani 880,000. Msishtuke, tuendelee.

Upande wa mapato tutafanya hesabu mbili. Ya kwanza: amemaliza, amepata kazi mjini ya shilingi 25,000. NSSF, SHA na makato ya nyumba yatachukua kama 2,500. HELB tuseme 4,000. Zimebaki 18,500. Nyumba, chakula na nauli ya matatu, 14,000. Mkononi ana 4,500. Yule wa dukani angebaki na 4,000. Tofauti ni shilingi mia tano! Kwa mwendo huo mzazi atazeeka kabla pesa yake haijarudi.

Hesabu ya pili: anapata 45,000. Kodi na makato, kama 9,000. HELB 4,000. Matumizi ya mjini yamepanda kidogo, 16,000. Amebaki na 16,000, ambazo zinampita yule wa dukani kwa 12,000 kila mwezi, au 144,000 kwa mwaka. Gharama ya mzazi pamoja na ile iliyopotea ilikuwa 504,000 (deni hatulihesabu tena, maana tumeshalikata kwenye mshahara). Gawanyeni: miaka mitatu na nusu, imerudi.

Mnaona basi? Cheti ni kile kile, karo ni ile ile. Kinachotofautisha ni kazi inayofuata. Kwa hivyo swali la kumuuliza kijana si "unasoma nini?" pekee. Muulizeni: ukimaliza, nani atakuajiri?

Tuseme ukweli hapa. Wengi hufikiri atakuwa mshauri wa wanafunzi shuleni. Lakini katika shule za serikali kazi hiyo kwa kawaida hupewa mwalimu aliyeajiriwa na TSC kufundisha masomo yake, na shahada ya saikolojia peke yake haimfanyi mtu kuwa mwalimu. Wengine hutazama hospitali. Huko mwanasaikolojia wa kliniki kwa kawaida anahitaji shahada ya pili, ambayo ni karo nyingine na miaka mingine. Tena tangu sheria ya mwaka 2014, anayetaka kufanya kazi ya ushauri au saikolojia anapaswa kusajiliwa na Bodi ya Washauri na Wanasaikolojia. Ulizeni Bodi mapema inataka nini, na hiyo kozi kama inaitambua. Msingoje hadi siku ya mahafali.

Nafasi nyingine ziko kwenye mashirika: makao ya watoto, vituo vya kurekebisha walevi, miradi ya UKIMWI, kambi za wakimbizi kama Dadaab na Kakuma. Ni kazi nzuri, ila nyingi ni za mkataba na zinategemea wafadhili. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake, washauri wengi wa miradi ya afya walirudi nyumbani kwa ghafla. Wengine huingia ofisi za kuajiri wafanyakazi, au idara ya probesheni. Huko wanashindana na waliosoma sosholojia na ustawi wa jamii.

Juu ya HELB, riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka, nafuu kuliko benki yoyote. Lakini kwa 4,000 kila mwezi, lile deni la 376,000 litachukua zaidi ya miaka tisa. Malipo huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, uwe na kazi usiwe na kazi. Anayenyamaza hutozwa faini ya 5,000 kwa mwezi, kwa hivyo miezi sita ya kujificha ni 30,000 bure. Aliye bila kazi aandikie HELB mapema awaeleze hali yake, hata kama anaona aibu.

Kuna njia nyingine ambayo sisi tunaipenda, ingawa wazazi wengi huiona ndogo. Kijana aanze na diploma ya ushauri nasaha, afanye kazi, ajue kama moyo wake unaiweza (kusikiliza shida za watu kutwa nzima si mchezo), kisha aendelee na shahada akiwa na mshahara wake. HELB huwakopesha pia walio katika vyuo vya ufundi na diploma. Itachukua muda mrefu zaidi, lakini hakuna ng'ombe atakayeuzwa kwa kubahatisha.

Na wale akina mama wa tangi? Tuliwashauri wasivunje akiba yote. Wamkopeshe mzazi sehemu, kwa maandishi, kwa riba ile ile ya wanachama wengine, na tangi liendelee kujengwa.

KAZI YA KIKUNDI: Mkutano ujao, mwenye barua ya chuo aje nayo. Katibu aandike ubaoni karo yenyewe, si yetu ya mfano, na hesabu zote mbili zifanywe mbele ya kijana mwenyewe. Kisha yeye ataje sehemu tatu anazoweza kuajiriwa, na kabla ya mkutano unaofuata awe ameongea na mtu mmoja anayefanya kazi hiyo: analipwa ngapi, mkataba wake ni wa muda gani, na alikaa miezi mingapi kabla hajaipata.