Dondoo Muhimu: Hesabu za Kijana Aingiaye Uashi

Ewe kijana uliyehitimu sekondari ukaazimia kushika uashi, usiidharau kanuni ya Pythagoras, kwani kabla ya kuchimba msingi utapima kutoka pembeni sentimita 60 kwa kamba moja na 80 kwa ya pili, na mshazari baina ya alama hizo ukitimia 100 barabara, hiyo ni pembe mraba. Na jengo likiwa kubwa, aula zaidi ni mita 3, 4 na 5, maana kamba ndefu huficha kosa kwa nadra. Kisha, pande zinazokabiliana zikiwa sawa, pima mishazari yote miwili ya chumba: ikihitilafiana, chumba kimepinda.

Zege la 1:2:4, yaani saruji, mchanga na kokoto, lipimwe kwa ndoo ile ile iliyosawazishwa mdomoni, wala si kwa beleshi, ambalo halijai sawasawa mara mbili.